Boriti, Mwashi na Mkaguzi

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya mawe ya Lamu, au ya Mji Mkongwe wa Unguja, hushangazwa na wembamba wa vyumba. Chumba kinaweza kuwa kirefu sana, lakini upana wake ni mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Tajiri na mtu wa kawaida walikuwa sawa katika hilo. Mwenye mali alirefusha chumba, akapandisha ghorofa, akajaza ukuta vidaka na nakshi za chokaa, upana hakuugusa. Sababu iko juu, darini. Dari hubebwa na boriti, miti ya mikoko iliyopangwa kwa nafasi ndogo kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti nzuri haiwezi kuvuka zaidi ya hapo huku ikibeba mzigo. Mzigo wenyewe si haba. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, vikashindiliwa mpaka dari ikawa nene na nzito kuliko paa lolote la bati tulilozoea leo.

Mwashi wa Lamu hakuwa na kitabu cha kanuni mkononi, na kwa jambo hili hakukihitaji. Akitaka chumba cha mita tano, mti ulimkatalia. Mikoko hiyohiyo ya Lamu na ya delta ya Rufiji ilipakiwa majahazini ikavushwa hadi Oman, Bahrain na Kuwait, ambako miti ya kujengea ni adimu. Wajenzi wa huko wakaezeka kwa boriti zetu, na vyumba vyao vikatoka vyembamba vilevile. Pwani mbili zinazotenganishwa na bahari zikapata kipimo kimoja cha chumba bila sultani wala liwali kutia saini waraka wowote.

Naanza na boriti kwa sababu naamini ndiyo inayotuonyesha kilichotupotea. Kila jamii iliyojenga nyumba za kudumu ililazimika kuamua ni nani wa kuizuia nyumba isiwaangukie watu. Wengine waliliacha hilo kwa kifaa chenyewe, wengine kwa fundi, wengine kwa jirani, wengine kwa ofisi. Sisi wa Afrika Mashariki tumepita kote huko, na leo tunajenga kwa zege na nondo, vifaa visivyomkatalia mtu kitu. Kazi iliyofanywa na boriti sasa ni ya binadamu. Na binadamu huyo, saa anayotakiwa kuwapo saiti, mara nyingi hayupo.

Sheria ya ujenzi ya kale inayotajwa kuliko zote ni ya Hammurabi, mfalme wa Babeli. Jiwe lake jeusi lilichongwa yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, likafukuliwa Susa, nchini Iran, mwaka 1901, na sasa limesimama katika jumba la Louvre, Paris. Vifungu vinavyomhusu mwashi ni vichache. Vinaanza na ujira wake: shekeli mbili za fedha kwa kila sar moja ya nyumba, yaani mita za mraba 36 hivi. Kisha adhabu. Nyumba ikianguka ikamuua mwenye nyumba, mwashi auawe. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, mtoto wa mwashi auawe. Ikimuua mtumwa, mwashi atoe mtumwa. Ikiharibu mali, alipe mali na aijenge nyumba upya kwa gharama yake. Na ukuta ukianza kuinama hata kazi haijakwisha, auimarishe kwa fedha yake mwenyewe.

Kila ghorofa linapoporomoka kwetu husikika watu wakitamani ukali wa namna hiyo. Mimi siutamani. Mtoto wa mwashi hakuchanganya udongo wala hakuweka tofali. Tena, jiwe lile halisemi popote ukuta uwe na unene gani, msingi uende chini kiasi gani, au tofali likaushwe vipi. Linangoja maiti ndipo liseme. Katika Babeli, ambako mwashi mmoja alisimamia kazi yote kuanzia udongo hadi paa, labda hofu ilitosha kumfanya awe makini. Katika jengo la leo kuna mwenye fedha, msanifu, mhandisi, mkandarasi, fundi mwashi, mfunga nondo, saidia fundi na muuza vifaa. Ukitafuta mmoja wa kunyonga, atakayepatikana upesi ni yule asiye na wakili.

Hata hivyo kile kifungu cha mwisho, cha ukuta unaoinama, nakiona bora kuliko vyote. Methali yetu ya usipoziba ufa inamsema mwenye nyumba: zembea, utajenga ukuta. Babeli ilimgeukia aliyejenga ikamwambia aujenge ukuta kabla haujaua mtu, na fedha zitoke mfukoni mwake. Kama kuna kipengele cha Hammurabi cha kuingizwa katika kila mkataba wa ujenzi unaoandikwa Dodoma, Mombasa au Bujumbura, ni hicho.

Miji ya Kiislamu ilishika njia nyingine kabisa. Huko msingi wa sheria ya majengo ni hadithi ya Mtume inayokataza kudhuru na kudhuriana. Mtu yuko huru kujenga kwenye milki yake apendavyo, mpaka pale jengo lake linapomdhuru jirani au mpita njia. Mafakihi walilichambua neno hilo la madhara kesi kwa kesi. Mjini Tunis, katika karne ya 14, aliishi mwashi mkuu aitwaye Ibn al-Rami, ambaye makadhi walimtuma kwenda kukagua kuta zenye ugomvi kabla ya kutoa hukumu. Aliandika kitabu cha hukumu za majengo kwa mafunzo ya madhehebu ya Maliki, na ndani yake yamo mambo ambayo mtu wa Kariakoo au Mwembetanga atayatambua mara moja: dirisha linaloangalia ua wa watu, mlango uliofunguliwa uso kwa uso na mlango wa jirani, moshi wa bafu na wa tanuri, maji ya paa yanayomwagikia kwa mwenzako, haki ya kupumzisha mti wa dari yako kwenye ukuta wa jirani.

Kesi moja hainitoki. Mtu ana kinu kinachozungushwa na mnyama, na jirani analalamika kwamba mtikisiko unaubomoa ukuta wake. Utajuaje kama ni kweli au ni chuki tu? Fundi anachukua kipande cha karatasi, anakifunga nyuzi kwenye pembe zake nne, anakining'iniza kwenye dari iliyoegemea ukuta ule, na juu ya karatasi anaweka punje kavu za giligilani. Kisha mwenye kinu anaambiwa azungushe. Punje zikitikisika, kinu kisimame. Zikitulia, mlalamikaji aende zake. Hicho ni kipimo cha maabara, na kilikuwa hadharani: mwenye kinu, jirani na fundi wote waliangalia karatasi moja. Hakuna aliyeambiwa ripoti iko mezani kwa mkubwa fulani, aje wiki ijayo.

Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafi, na sitaki kuichukua Tunis nzima nikaipandikiza Lamu. Lakini anayetembea katika mitaa ya Lamu anaona fikra za ukoo mmoja. Kuta za nyumba hushikana na kubebana. Mlango wa nje haukuachii macho yaende moja kwa moja ndani. Unapita kwanza dakani, kibaraza cha mlangoni, kisha njia inapinda. Na pale familia ilipotaka kumjengea binti chumba ng'ambo ya kichochoro, ilijenga wikio, chumba kinachopita juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, huku chini punda na mzigo wake wakipita bila kuzuiwa. Njia ni ya wote, hewa iliyo juu yake waweza kupatana na jirani. Udhaifu wa mfumo huu nao haujifichi: unahitaji mlalamikaji. Ukuta mbovu usiomsumbua jirani yeyote hauna kesi, mpaka uwaangukie waliomo ndani.

London ndiko ofisi ilikoanzia kushika mambo, japo nayo ilianza kwa ujirani. Utaratibu wa majengo unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1189, unaohusishwa na meya wake wa kwanza, Henry Fitz-Ailwin, uliwaruhusu majirani wawili kujenga ukuta wa pamoja wa mawe, kila mmoja akitoa futi moja na nusu ya ardhi yake. Ukuta ukawa wa unene wa futi 3 na kimo cha futi 16. Kila upande uliweza kuchimbwa vidaka vya kina cha futi moja, ili katikati ibaki futi moja nzima ya mawe kati ya familia na familia. Nilipolikuta hilo niliziwaza kuta za Lamu, nene na zenye vidaka vyake, na nikafurahi kuona mwashi wa kaskazini aliyeogopa moto na mwashi wa pwani yetu wakikutana kwenye kidaka.

Kisha mji uliteketea. Kuanzia tarehe 2 hadi 5 Septemba 1666 moto uliramba nyumba zaidi ya 13,000, nyingi za mbao. Sheria ya ujenzi mpya ya mwaka 1667 haikungoja malalamiko ya jirani wala kifo cha mtu. Ilitaja kifaa: tofali au jiwe. Iligawa nyumba katika daraja 4 kufuatana na mtaa, ikapanga idadi ya ghorofa na unene wa kuta kwa kila daraja. Na jambo kubwa kuliko yote, iliweka watu wa kwenda kuangalia. Robert Hooke, mwanasayansi yuleyule aliyechungulia viroboto kwa hadubini, alikuwa miongoni mwa wapimaji wa jiji waliozunguka kwenye majivu wakichomeka mambo za misingi kabla ya waashi kuanza. Hapo ndipo sheria ya ujenzi ilipohama kutoka baada ya maafa kwenda kabla yake.

Ofisi nayo hulala. London hiyohiyo, tarehe 16 Mei 1968, mlipuko wa gesi jikoni mwa nyumba moja uliangusha kona nzima ya ghorofa la Ronan Point, watu wanne wakafa, na Waingereza wakaandika kanuni kwamba ajali ya chumba kimoja isiangushe jengo zima. Tarehe 14 Juni 2017 watu 72 walikufa katika jengo la Grenfell, ambalo nje lilikuwa limevishwa vifaa vinavyoshika moto, katika nchi yenye vitabu vya kanuni vya kujaza kabati. Japani, yenye sheria kali za tetemeko zilizoboreshwa mwaka 1981, iligundua mwaka 2005 kwamba msanifu mmoja aliyesajiliwa alikuwa ameghushi hesabu za uimara wa majengo kadhaa, na waliopaswa kuzihakiki walizipitisha. Kanuni nzuri bila jicho la mtu wa pili ni karatasi.

Sisi tuliipokeaje sheria hii? Kwa mlango mbaya. Dar es Salaam, chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, kanuni za ujenzi zilitumika kuugawa mji katika kanda tatu. Kanda ya kwanza ilitaka nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili nyumba za vifaa vya kudumu za makazi na biashara, ya tatu iliachiwa nyumba za udongo na makuti. Hakuna aliyehitaji kuandika rangi ya ngozi. Aina ya ukuta ilitosha. Ndiyo asili ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Huku sheria ya London ikiwa imezaliwa kwa kuogopa moto, yetu ilizaliwa kwa kutaka watu wasichanganyikane, na nyumba ya Mswahili, ile ya ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na ua nyuma, haikupewa mwongozo wa kuiboresha. Iliwekwa nje ya mstari tu.

Baada ya uhuru tulibeba vitabu vilevile. Kanuni za ujenzi za Kenya za mwaka 1968 zilifuata mfano wa Uingereza kwa karibu, na kwa miaka mingi mtu aliyejenga kwa udongo ulioshindiliwa vizuri alikuwa mkosaji mbele ya sheria ilhali jirani yake wa ghorofa mbovu la zege alionekana mstaarabu. Mwaka 1995 ndipo milango ilipoanza kulegezwa kwa vifaa vya kienyeji, na mwaka 2024 kanuni mpya za taifa zikatangazwa. Tanzania ina wakala wake wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, wenye mizizi tangu mwaka 1971, ambao umefundisha matofali ya udongo na saruji yanayofungamana bila kuchomwa kwa kuni. Kazi hiyo naiheshimu sana, na inasikitisha kwamba wengi wanaojenga hawajawahi kuisikia. Matokeo ya urithi wetu ni kwamba mwananchi wa kawaida anakihesabu kibali cha ujenzi kuwa kodi, au mtego wa kumpeleka mgambo saiti kuandika alama nyekundu ya X ukutani. Hakioni kuwa ni ulinzi wake.

Huku nyuma kifaa kikabadilika. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, ni jengo ambamo zama mbili zilikutana: ndani yake mna mawe ya matumbawe na boriti, na papo hapo mna mihimili ya chuma na nguzo za chuma zinazobeba baraza pana na dari za juu ambazo boriti peke yake isingeziweza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki. Chuma silitupii lawama. Chuma kilileta uhuru wa upana, na kila aliyepewa uhuru huo alipaswa kupiga hesabu ambayo zamani alipigiwa na mti.

Zege lililofungwa nondo lina tabia ambayo hakuna kifaa cha wazee kilichokuwa nayo: linaficha. Boriti iliyoliwa na mchwa unaiona ukiinua macho, na ncha iliyooza ukutani kwa sababu ya maji unaigonga ukaisikia. Nguzo ya zege ikishapigwa lipu, nondo nne za milimita 16 na nondo nne za milimita 10 zina sura moja. Ringi zilizofungwa kila sentimita 15 na zilizofungwa kila sentimita 40 zina sura moja. Zege la mchanganyiko wa 1:2:4 lililopimwa kwa boksi, na lile la kukisia kwa sepetu, yanakauka yakiwa na rangi ileile.

Simama saiti asubuhi ya kumwaga slabu uone. Mashine inanguruma, vijana wamepanga foleni na ndoo, mwenye nyumba amechinja mbuzi. Nondo zimelala juu ya mbao. Swali la kwanza ni kama zimeinuliwa kwa vile vitofali vidogo vya saruji ambavyo mafundi huviita biskuti, ili zege lipite chini yake angalau milimita 25. Zikigusa mbao, zitabaki wazi, zitashika kutu, zitavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Swali la pili ni maji. Zege kavu linachosha mikono, kwa hiyo mtu anaongeza ndoo ya maji ili liteleze, kisha nyingine. Kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu ya zege, na hakuna atakayeikumbuka baadaye. Swali la tatu ni siku zinazofuata: nani atamwagilia kwa wiki nzima, na nani atakataa mirunda isiondolewe mapema kwa sababu inahitajika saiti nyingine? Maswali haya yote yana saa yake. Saa mbili kabla ya kumwaga, kosa linarekebishwa kwa koleo na waya. Saa mbili baadaye linahitaji nyundo. Miaka miwili baadaye linahitaji kikosi cha uokoaji.

Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 ghorofa la makazi la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua na watu wapatao 50 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo lilianguka asubuhi ya biashara, likaua zaidi ya 20. Kila mara tume iliundwa au watu walikamatwa, yaani tulirudi Babeli. Adhabu ina mahali pake, na mwenye jengo aliyepandisha ghorofa bila kibali anastahili kuwa wa kwanza kuipata, kabla ya fundi wake. Lakini zege halijui kesi ya mwaka jana.

Ninachokitetea ni mseto. Kutoka Babeli tuchukue wajibu wa kurekebisha kwa gharama ya aliyekosea, tuache damu. Kutoka London tuchukue mtu wa kuangalia kabla ya kazi kufunikwa: mhandisi wa halmashauri awe na mamlaka na usafiri wa kufika, na pasimwagwe zege la nguzo, bimu wala slabu bila saini yake ya siku hiyo, iwe ni ghorofa la mfanyabiashara au nyumba ya mwalimu. Vipande vya majaribio vya milimita 150 vivunjwe maabara siku ya 7 na ya 28, na majibu yabandikwe kwenye bango la saiti pamoja na majina ya mkandarasi na mhandisi. Kwa kubandika namaanisha ile karatasi ya giligilani: kila apitaye aone. Kutoka Tunis na Lamu turudishe haki ya jirani ya kuuliza na kujibiwa. Anayeishi ukuta kwa ukuta na jengo linalochimbiwa chini ana haja ya kujua kuliko afisa yeyote.

Na wewe unayejenga kidogokidogo, tripu ya mchanga mwezi huu, nondo mwezi ujao, usingoje sheria ibadilike. Kabla hujaruhusu ndoo ya kwanza ya zege imwagwe, mlipe mhandisi aliyesajiliwa nusu siku aje ahesabu nondo, apime nafasi za ringi, na atie saini. Fundi akikuambia kwamba huko ni kumdharau, mwambie kuwa Ibn al-Rami alikuwa mwashi, na kazi ya kukagua ukuta aliiona ni heshima.